Chupa Chachu

Nafula ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi sasa, mnaoingia kwenye chumba cha seli na kukuta karatasi yangu bado imebandikwa kwenye mlango wa inkubeta, lile kabati la joto: USIFUNGE KWA GOTI. Karatasi hiyo msiibandue. Nimekubali kuandika kwa sababu mchana wa huku Koyama ni mrefu, na kwa sababu nimewakumbuka watu wa chumba hicho. Nimewakumbuka mno. Sikujua kwamba mtu anaweza kustaafu kutoka chumba kisicho na dirisha, chenye feni inayovuma kutwa kucha, kisha akakitamani hivi.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vilikuwa vya kawaida na vilichelewa.

Mimi ni Somoe, mzaliwa wa Koyama, kimoja cha visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo. Kwetu twasema Kibajuni. Kwa asiyekijua, aelewe jambo moja tu: mahali pengi ambapo nyinyi mwasema t, sisi hutamka ch. Mtu ni mchu, kitu ni kichu, kwetu ni kwechu. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyinyi ndio mnaokosea, na hata sasa sijashawishika kabisa.

Aliyenilea ni dada yangu mkubwa, Mwanahija, baada ya mama yetu kufariki. Alinifundisha kusema, kusali, kupara samaki na kunyamaza, ingawa hilo la mwisho halikushika. Vita vilipoanza mwaka tisini na moja tulivuka pamoja hadi Mombasa, tukaingia kambini. Baada ya miaka mimi niliitwa kwenda Ulaya, yeye hakuitwa, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Kambi ilipofungwa alirudi Koyama, akafagia nyumba ya baba, akaapa kwamba hatahama tena. Mimi nikabaki nasema "nchakuya", yaani nitakuja. Nilisema hivyo kwenye simu za kadi, kisha kwenye simu ya mkononi, kisha kwenye ujumbe wa sauti. Mitambo ilibadilika, neno likabaki lile lile.

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha vioo. Ilikuwa taasisi ya utafiti wa saratani katika mji wa baridi, na mimi niliajiriwa kuosha chupa, mirija na bilauri za kupimia, kuzianika, kisha kuzipeleka kwenye mtambo wa mvuke. Kazi haikuwa mbaya, maana maji yalikuwa ya moto, na katika mji ule hayo yalikuwa mapumziko. Kila nikipita na kigari changu nilikuwa nasimama kwenye mlango wa chumba cha seli kutazama. Fundi wa seli aliitwa Ilse, mwanamke mrefu mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote alikuwa akiitafuta ile aliyoiacha pengine. Siku moja aliniuliza natazama nini. Nikamwambia natazama mikono yake. Akanipa glavu.

Ilse ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Seli za saratani, mkiziweka kwenye chupa bapa ya plastiki, hujishika chini ya chupa na kuenea, na juu yake unatia maji mekundu ya kuzilisha. Rangi ya maji ndiyo inayokupa habari. Yakiwa mekundu, seli zina nafasi na chakula. Yakielekea rangi ya chungwa, zinakula vizuri. Yakiwa ya manjano, yamechachuka, ama kwa sababu seli zimejaa pomoni, ama kwa sababu ameingia mgeni, bakteria au hamira, anakula chakula kisichokuwa chake. Kwa macho matupu huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Ni mpaka uziweke chini ya hadubini.

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: usizungumze juu ya chupa iliyo wazi, maana mdomo wa binadamu ni mchafu kuliko kiatu chake. Mimi nilikuwa na mazoea ya kusema bismillahi kila nikifungua kizibo. Alinisikiliza kwa siku kadhaa, mwisho akaniuliza maana yake, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni maneno mazuri. Yaseme kabla hujafungua." Tangu hapo nimeyasema kabla, na nawahimiza nanyi, kila mmoja na dua yake.

Miaka hiyo wakubwa wa maabara walishughulika na jeni zinazotengeneza protini, ambazo ni sehemu ndogo tu ya DNA yote. Sehemu iliyobaki waliiita takataka, na wakaandika hivyo vitabuni bila haya. Kisha ikaonekana kwamba seli inazinakili nyingi kati ya hizo takataka kuwa RNA, na RNA hiyo haitengenezi protini yoyote, lakini baadhi yake ukiiondoa, seli inababaika. Nilimweleza Mwanahija kwa simu, naye akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

"Ni kama mamake bwana harusi," alisema. "Hapiki kichu. Lakini mwondoe, uone kama pilau itaiva."

Nimehudhuria mihadhara mingi juu ya RNA hizo, ya watu wenye majina makubwa na picha za rangi. Maelezo yaliyonikaa ni hayo ya dada yangu.

Halafu yakaja makasi. Nyinyi mmeyakuta, mnayatumia bila kushangaa: protini inayokata DNA, na kipande kifupi cha RNA kinachoipeleka mahali pa kukata, ambacho tulizoea kukiita kiongozi. Mimi nilikuwa mtu mzima yalipoingia kwenye maabara yetu. Siku tuliyosoma DNA na kuona imekatwa pale pale tulipotaka, nilivuta kiti nikakaa. Ilse alikuwa amekwisha kustaafu, nikampigia simu kumpa habari hizo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama vizibo bado tunavifunga sawasawa.

Kwa makasi hayo ndipo tulipoanza kufanya mchujo. Unachukua maelfu ya viongozi, kila mmoja wa kuharibu mahali pamoja pa DNA, unawaingiza ndani ya seli kwa kirusi kisichoweza kuzaana, ukikadiria kila seli ipate kiongozi mmoja tu. Unaziacha seli zikue wiki kadhaa. Mwisho unasoma ni viongozi gani wamebaki na gani wamepotea. Aliyepotea amepotea pamoja na seli yake, maana yake ameharibu kitu ambacho saratani haiwezi kuishi bila hicho. Kwenye mchoro ubaoni ni jambo la dakika mbili. Kazi yenyewe ni kulisha, kugawa, kuhesabu, na kulisha tena. Ukizipunguza seli kwa uvivu utapoteza viongozi bila sababu, na mashine ya kusoma itakudanganya kwa adabu zote.

Na RNA isiyotengeneza protini ina ukaidi wake. Jeni ya protini, mkwaruzo mdogo unatosha kuivuruga. Hii nyingine haijali mkwaruzo. Inabidi ama uizime pale inapoanzia kunakiliwa, ama ukate mara mbili na kuondoa kipande kizima. Mvi zangu nyingi ni za hapo.

Maabara yenu ya Nairobi ilipofunguliwa ili kuchunguza saratani ya umio, hiyo njia ya kupitia chakula, niliomba kuhamia. Ni ugonjwa unaowala watu wengi upande wetu huu wa Afrika, na seli zake nilikuwa nazijua. Wenzangu wa Ulaya walidhani nimefuata cheo. Mimi nilikuwa nimetazama ramani nikaona Nairobi iko karibu zaidi na Koyama, nikajiambia kwamba sasa nitakwenda kwa dada yangu kila likizo. Likizo ya kwanza ilitukuta katikati ya mchujo. Ya pili vilevile. Seli hazijui Idi.

Hapo ndipo nilipokutana na Nafula. Alikuwa ametoka kupata shahada yake ya udaktari, mzaliwa wa Bungoma, mtu anayecheka kabla hajamaliza kukuchekesha. Kazi yake ilikuwa kutafuta RNA zisizotengeneza protini ambazo saratani ya umio inazitegemea, na mimi nikapewa kuzilisha seli zake.

Kesi ngumu ya kwanza tuliyopata ilikuwa ya jirani. Tulizima RNA moja pale inapoanzia, na seli zikafa vizuri, mpaka Profesa, mkuu wa maabara, akawanunulia mandazi watu wa chumba kizima. Baada ya wiki Nafula alirudi kwenye ramani ya DNA akaona kwamba ubavuni mwa RNA ile inaanzia jeni nyingine, imeelekea upande wa pili. Zilikuwa kama nyumba mbili zinazoegemea ukuta mmoja. Sisi tulitaka kubomoa ya huku, na ya kule ikaanguka nayo. Nafula akaikata RNA mara mbili mbele zaidi na kuondoa kipande, mwanzo wake akauacha salama, na seli zikaendelea kunenepa kana kwamba hazikuambiwa. Kumbe kilichokuwa kinaziua ni kuzimika kwa yule jirani. Nafula alikwenda chooni akalia, akarudi ameosha uso, akauchana mchoro wake na kuanza upya. Siku hiyo ndiyo niliyompenda. Nanyi, kabla hamjanunua mandazi, kaangalieni majirani kwanza.

Mchujo wa pili tuliufanya kwa viongozi wawili wawili, wa kuondoa vipande vizima, katika seli zilizotoka kwa mgonjwa. Tuliweka akiba iliyogandishwa kwenye nitrojeni, kisha tukazigawa zilizobaki katika chupa kubwa zinazolelewa kila moja peke yake, ili jambo likionekana katika zote tujue si bahati.

Wakati huo huo Mwanahija alinitumia ujumbe wa sauti, akasema wali unamkwama.

"Mchele wa siku hizi," alisema, "una mifupa."

Nilicheka, kisha nikasikiliza ujumbe ule mara ya pili na sikucheka. Baada ya mwezi alikuwa anakunywa uji tu. Mimi niliyelisha seli za umio miaka yote ile nilijua kabla ya daktari. Daktari wa Kismayo alimnywesha dawa nyeupe akampiga picha, na njia ikaonekana imekuwa nyembamba, na ugonjwa umefika mahali ambapo upasuaji haungefaa tena. Nikamsihi aje kwangu Nairobi.

"Nimehamishwa mara moya, Somoe," aliniambia. "Yatosha. Wewe ndiwe wa kuya."

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Kila ujumbe ulikuwa mkavu kuliko uliotangulia. Daktari alinieleza kwamba uvimbe umegusa neva ya sauti na kwamba sauti haitarudi, itazidi kwenda. Nilihesabu wakati wangu upya. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa Barawa, naye tulisemezana kwa Kisomali. Wenzangu kazini nilisemezana nao kwa lugha zao. Mwanahija alikuwa mtu wa mwisho duniani niliyezungumza naye Kibajuni kila siku. Sikuwa tena na tamaa ya kumponya, maana nilijua yaliyomo ndani ya chupa. Nilitaka nikae naye uso kwa uso, aseme nami, nimsikie, kabla sauti haijakatika. Nilitaka hilo tu, na nililitaka mpaka chakula kikawa hakinipiti na mimi.

Nikakata tiketi ya Kismayo, ya kuondoka mara tu baada ya mavuno. Mavuno ni siku ya mwisho ya mchujo, siku ya kuzikusanya seli na kuzisoma.

Asubuhi ya mavuno alinipigia nikiwa ukumbini, nje ya chumba cha seli.

"Somoe, wachu wote wauliza. Yuwaya kweli, ama ni yale yale?"

"Nchakuya kesho kutwa, dada. Tiketi ninayo mkononi."

"Haye. Nchakuwekea pweza."

"Na wewe wamla vipi pweza?"

"Mimi simli. Nchakutazama wewe ukimla."

Tulizungumza mpaka sauti yake ikamwishia kwa asubuhi ile, ikabaki pumzi. Nilipokata simu, miguu yangu ilikuwa Nairobi na ulimi wangu uko Koyama. Nikaingia ndani nikafungua inkubeta kutazama. Chupa zote zilikuwa mahali pake, seli zimejaa, maji yamekuwa ya manjano, kama inavyotakiwa siku ya mwisho. Nafula alikuwa amenipa mgongo, mbele ya kabati la hewa safi, anapanga pipeti.

"Zikoje, Bi Somoe?" aliuliza bila kugeuka.

"Chupa chachu," nikamjibu. "Zitoe."

Kisha nikashuka ghorofa ya chini kuchukua barafu.

Sasa niulizeni kwetu mchu akihesabu anasemaje. Anasema: moya, mbili, chachu. Nilimwambia Nafula kwamba chupa ni tatu, azitoe tuanze kazi. Lakini kwa Nafula, na kwa kila aliyesoma Kiswahili shuleni, chachu ni hamira, tena ni kitu kilichochachuka. Na wiki ile ile hamira ilikuwa imeingia katika maabara ya chumba cha pili na kuwaharibia kila kitu. Sote tulikuwa tumekubaliana kwamba chupa yenye chachu isifunguliwe humo ndani, isipelekwe hata kwenye hadubini, itolewe haraka na kumiminiwa klorini. Nafula alifungua inkubeta, akaona maji ya manjano. Na aliyemwambia ni mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunikuta nimekosea habari ya chupa.

Niliporudi na ndoo ya barafu harufu ilinipokea mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimezitoa, Bi Somoe." Macho yalikuwa yamemwiva. "Zote. Pole sana."

"Umezitoa ukazipeleka wapi?"

"Kwenye sinki. Nimetia klorini, kama tulivyokubaliana."

"Kwa nini?"

"Si umesema ni chachu?"

"Nimesema ni chachu, ndiyo!"

"Ndiyo, na mimi nimeona ni chachu!"

"Chachu!" nikapiga kelele, nikainua vidole vitatu mbele ya uso wake. "Moya, mbili, chachu!"

Alivitazama vidole vyangu. Nikaona jambo linamwingia polepole, mpaka likafika. Naapa tulicheka. Tulicheka vibaya sana, tumeshikana mabega, na Profesa akachungulia mlangoni akadhani mavuno yamekwenda salama. Kisha Nafula akakaa chini sakafuni na glavu zake, na tukaacha kucheka.

Ile akiba kwenye nitrojeni ilikuwepo, alhamdulillahi. Lakini ilikuwa ya mwanzo kabisa wa mchujo. Kuirudia kulitaka kuziyeyusha seli, kuziamsha, kuzilisha tena wiki zote zile, na ni kazi ya watu wawili wasiougua. Nikamwambia Nafula kwamba nitabaki. Tiketi ingesogezwa mbele.

"Hapana," akasema, bado yuko sakafuni.

"Mchujo huu umeuhangaikia kuliko chochote. Siwezi kukuachia hivi."

"Ni wangu, kwa hiyo nasema mimi. Na aliyemwaga ni mimi."

"Aliyesema ni mimi."

"Bi Somoe!" Akainuka. Hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya siku hiyo. "Seli nina akiba ya kuyeyusha. Wewe dada yako huna akiba yake popote. Nenda!"

Nikamkumbusha kwamba hatupigi kelele karibu na kabati la hewa. Akaniambia kabati amelizima. Tukapangusa sinki, tukaandika lebo za mwanzo mpya, na nikamwonyesha mara nyingine jinsi ninavyoamsha seli zilizoganda, kwa maji vuguvugu na subira. Kesho yake nikaondoka. Karatasi za kustaafu nilizitia saini nikiwa huku.

Boti ilipotushusha Koyama, Mwanahija alikuwa ameletewa kiti nje ya mlango. Amekonda hata bangili zake zimepanda mpaka kiwiko. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, yakanipotea yote.

"Ushakuya," alisema. Ilikuwa sauti ya mnong'ono, lakini ilikuwa sauti. Nililia mbele ya wachu wote wa mtaa, na pweza alikuwepo, na nilimla huku nikilia naye akinitazama.

Tulizungumza siku baada ya siku. Mengi hayahusu maabara, sitayaandika. Kisa cha chupa nilimhadithia siku ya pili. Alicheka kimya kimya mpaka akashika kifua, kisha akaagiza majirani waitwe nikawahadithie na wao. Kwa miaka yote ile ya ugeni nilikuwa nikifikiri kwamba nimeyasahau maneno yetu, na ikawa kila akinong'ona jambo, jingine linaamka kichwani mwangu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea katika nyumba yenye mgonjwa. Na bado, wanangu, kila alfajiri niliamka saa ya kulisha seli nikatafuta glavu.

Siku moja aliniuliza, "Na kazi imesha?"

"Haijesha."

"Sasa umefuata nni huku?"

"Wewe."

Akatabasamu. Baadaye, nilipokuwa nampa uji kwa kijiko, akauliza tena. "Na hii yangu mwaijua? Huyo wenu asiyepika kichu, mumemwona?"

"La, dada. Bado."

Nikamwambia ukweli, kwamba hata tukimwona, itachukua miaka mingi kabla hajawa dawa ya mtu yeyote, na huenda asiwe dawa kamwe. Alilifikiria hilo. "Wachu wengine watakuwapo," alisema, akafungua kinywa kwa kijiko kingine.

Sauti ilikwenda kidogo kidogo. Kwanza jioni tu, kisha na mchana. Asubuhi moja nilimsalimu, midomo yake ikasogea, na kilichotoka ni pumzi. Tukazoea ishara: maji, mto, dirisha, msala. Nilijiambia kwamba nimepata nilichokijia, nishukuru. Sikuweza kushukuru vya kutosha. Nilitaka zaidi.

Mtandao huku huja na kuondoka. Siku Nafula alipopiga, ulikuwepo. Nikaiweka simu juu ya mto, karibu na sikio la Mwanahija.

"Shikamoo, Bi Mwanahija," Nafula alisema, na mimi nikajua kwa sauti yake tu. Alitueleza wote wawili pole pole. Mchujo wa marudio ulikuwa umekwisha, na mashine imesoma. Katika zile RNA zisizotengeneza protini kulikuwa na moja ambayo viongozi wake walikuwa wamepotea katika chupa zote. Bado haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Alikuwa ameiondoa peke yake katika seli mpya, na seli zikaacha kukua.

"Majirani?" nikauliza.

"Nimewaangalia wa pande zote, Bi Somoe. Majirani wazima." Kisha akamwambia dada yangu, "Bi Mwanahija, sijui kama na ya kwako ni hiyo. Lakini ni ya umio, na tumeiona."

Mwanahija alifungua macho. Akaigeukia simu, midomo yake ikaanza kwenda. Halikuwa neno moja. Yalikuwa maneno mengi, sentensi nzima, pengine mbili, na uso wake ulikuwa macho kabisa, kama wakati alipokuwa ananituma dukani na hataki nikosee. Niliinama mpaka shavu langu likagusa lake. Nilisikia pumzi. Nikainuka nikaitazama midomo, midomo niliyoitazama tangu sijajua kusema, nikajaribu kuiwekea maneno, kila nililoliweka likawa haliingii.

"Amesema nini?" Nafula akauliza.

"Amesema ahsante."

Mwanahija akanitazama. Akatikisa kichwa. Kisha akarudia yale yale, taratibu zaidi, akinikazia macho, neno baada ya neno. Sikuambulia kitu. Akanipapasa mkono, akafumba macho, mtandao ukakatika.

Tulimzika kabla ya Ijumaa iliyofuata. Nafula, alilokuambia Mwanahija halikuwa ahsante. Sijui lilikuwa nini.